Memori ya Picha Haina Ghala Lake

Vijana wa dukani, mliniomba niandike ninayoyakumbuka kabla sijasahau. Sijasahau kitu. Ila mkono wangu wa kuandika ni wa darasa la nne, kwa hiyo mkikuta nimekosea msicheke, someni. Nani alipanda cheo na nani alilipwa nini sitaandika. Waliokula walishakula. Nitaandika kazi.

Kazi hii niliianza kwa uji. Nilikuwaga nauza uji asubuhi pale Musoma mjini, mlangoni kwa fundi redio aliyeitwa Mzee Magesa. Mume wangu alishafariki, watoto wanataka kula. Siku moja Mzee Magesa akaniita ndani. Nikadhani anataka kikombe cha pili cha kukopa, nikaingia nimekunja uso. Akanipa kidude kama punje ya mpunga, kina mistari ya rangi, akasema, "Mama, nisomee."

"Mzee, hapa hakuna maandishi."

"Rangi, mama. Nisomee rangi."

Nikamsomea. Kahawia, nyeusi, nyekundu. Mzee alikuwa na mikono mizuri, sijaona mwingine, ila macho yalikuwa yamemwishia. Kahawia na nyekundu kwake zilikuwa rangi moja, na redio ukiiwekea kahawia mahali pa nyekundu inaweza kukupa moshi badala ya taarifa ya habari. Siku hiyo uji wangu ulipoa. Kesho yake nikauza haraka haraka, nikaingia mwenyewe bila kuitwa.

Alinifundisha kuchoma risasi ya kuungia nyaya bila kuunguza bodi. Alinikataza kupuliza vumbi kwa mdomo, kwa sababu mate ni maji na maji hayana urafiki na umeme. Skrubu alinitaka nizipange kwenye sinia ya mchele, kwa mfuatano zinavyotoka. Mpaka juzi mmeniona nafanya hivyo na mmecheka. Chekeni, lakini skrubu ikibaki mezani baada ya kufunga mashine, msiseme ilikuwa ya ziada. Waliotengeneza mashine hawakuwa na skrubu za sadaka.

Na alikuwa na neno moja ambalo alilirudia mpaka likanichosha: ugonjwa anaujua aliyelala chumba kimoja na mgonjwa. Maana yake usishike bisibisi kabla hujamuuliza mwenye kitu anakifanyia nini, kilianza lini, na nani mwingine alishakigusa. Nilidhani ni maneno ya uzee. Sasa mzee ni mimi, nayasema yeye alivyoyasema.

Redio zikaisha, zikaja simu. Mzee Magesa akatutoka. Simu zikajaa mafundi, kila kona kijana na meza yake, nikachukuliwa kwenye duka letu hili la Nyakato, hapahapa Musoma, kufagia na kusafisha feni za laptop. Kufagia nilifagia. Ila nilikuwa nimeshafungua vitu vingi maishani kiasi kwamba laptop haikunitisha. Ni redio iliyosoma.

Feni zilinifundisha jiografia. Laptop ya Musoma ina wadudu wa ziwani, wale wanaokuja kama moshi, wamekauka kwenye feni tabaka kwa tabaka. Ya Bunda ina nyuzi za pamba. Za Butiama nyingi zilikuja safi kabisa, zinazima kwa joto, nikashangaa, mpaka nikaenda huko kwenye ubarikio wa mjukuu wa rafiki yangu. Nikakuta laptop ya nyumba ile imewashwa, imewekwa juu ya kitambaa cha kufuma na imefunikwa kingine cha kufuma, kama kochi la wageni. Tundu la hewa hata moja halionekani. Nikamwambia mwenye nyumba, "Mama, hii haisikii baridi." Akasema, "Najua, lakini haipendezi ikikaa uchi." Tangu hapo laptop ikitoka Butiama naulizaga kwanza habari ya vitambaa.

Kiingereza sina. Kile cha kwenye BIOS, kile chumba cha mashine unachoingia kabla window haijawaka, nakijua kwa sura, kama unavyojua ng'ombe wako kwa pembe. Mstari wa memori ya picha niliujua mapema, kwa sababu ndio wenye kesi nyingi. Huu nataka niueleze taratibu, maana bado nawaonaga mnaubahatisha.

Laptop nyingi zinazotufikia hazina kadi ya picha ya peke yake. Kinachochora picha kimo ndani ya prosesa, na memori yake huyu wa picha anaimega kwenye RAM ileile inayotumiwa na kila kitu kingine. Kwenye BIOS unaweza kuamua amege kiasi gani tangu asubuhi, kabla wengine hawajaamka. Ukimpa kidogo, programu nzito za kuchora zinakataa kufunguka. Ukimpa kingi, picha ananenepa na mashine nzima inalala njaa. Kuna laptop nyingine mstari huo umefichwa, hakuna mlango. Hapo mwambie mteja ukweli. Nimeona mafundi wanaingia kwenye matumbo ya window, wanabadilisha namba ili ionekane memori ya picha imeongezeka. Hiyo ni kupaka rangi kibao cha duka. Ndani bidhaa ni zilezile.

Sasa niandike habari ya Wegesa, kwa sababu ilikuwa ya mwisho kubwa, na kwa sababu mnaisimulia vibaya. Nimesikia mmoja wenu akisema nilifukuza mteja. Sikumfukuza. Nilimkalisha.

Mnajua watu wetu wengine wanavyoletaga mashine. Anaiweka mezani, anakaa, ananyamaza. Ukimuuliza ina nini, anakuangalia. Ni desturi ya kwa mganga. Ukienda kwa mganga husemi umefuata nini, yeye ndiye akuambie, akishindwa unabeba kuku wako unaondoka. Sasa wameihamishia kwa mafundi. Kwao, anayeuliza sana si fundi.

Mzee Mugeta alitoka Guta, upande wa Bunda, siku ya Alhamisi asubuhi. Mfugaji, mrefu, fimbo mkononi. Nyuma yake binti yake Wegesa amebeba laptop kwenye kitenge kama mtoto, na nyuma ya Wegesa kijana mmoja amenuna, kaka yake, Makuru. Wegesa akasema shikamoo bibi, nikaitikia marahaba, nikauliza, "Ina nini?"

Binti akafungua mdomo. Mzee akanyanyua kidole, binti akafunga.

"Mama fundi," mzee akasema, "tumesikia wewe ni fundi. Basi tuambie."

"Nikuambie nini?"

"Ina nini."

"Mzee, hapa hakuna kibuyu. Kuna bisibisi. Mgonjwa wangu hasemi, anasemewa."

"Fundi wa kweli anajua mwenyewe."

"Basi mpeleke kwa huyo wa kweli. Au kaa kwenye benchi pale nje, unyamaze vizuri, huyu mtoto aseme."

Makuru akacheka puani. Nadhani ilikuwa siku nyingi mzee hajaamriwa kukaa na mwanamke yeyote. Akaenda akakaa, mlangoni, mahali anaposikia kila kitu.

Wegesa akasema yote kwa pumzi moja. Amesomea kuchora majengo. Kikundi cha akina mama cha Butiama wanataka kujenga ukumbi wenye jiko, wameita wachoraji wawili, yeye na bwana mmoja wa Mwanza, Jumamosi kila mmoja aonyeshe kazi yake mbele yao. Ukumbi wake ameshauchora kwenye programu, nyumba inazunguka, unaingia mlangoni, unatembea ndani. Lakini ikifunguka inaganda. Akigusa kitu tu, imekufa.

"Na ukikosa kazi hiyo?" nikauliza. Siulizi kwa umbeya. Fundi lazima ajue haraka inatoka wapi.

Aliyejibu ni Makuru.

"Akikosa anaolewa. Laptop hiyo ni ng'ombe wangu, bibi. Walikuwa wa mahari yangu. Mama yangu ndiye mke mkubwa, zizi ni letu, na mzee akatoa ng'ombe wa nyumba yetu akamnunulia huyu wa mke mdogo kompyuta. Amesema isipoleta kitu, Wegesa aolewe, nami nioe kwa mahari yake."

"Nilisema hivyo," mzee akasema kutoka kwenye benchi. "Nilimsomesha, nikamnunulia. Nifanye nini tena? Nyumba yangu haina amani. Mkubwa hasalimiani na mdogo."

Wegesa alikuwa anakunja kitenge, anakikunjua. Nikamwambia, "Acha hicho kitambaa. Nani mwingine amegusa mashine hii?"

"Mimi mwenyewe, bibi. Programu ilikuwa inakataa kufunguka, inadai memori ya picha haitoshi. Nikaangalia video, nikaingia BIOS, nikaiongeza."

"Ukaiongeza mpaka wapi?"

"Mpaka mwisho. Nilisema niipe yote inayoruhusiwa, isinisumbue tena."

Hapo nikawa nimeshajua, na bisibisi bado iko kwenye kopo. Nikaingia BIOS. RAM ya mashine nzima giga nne, na picha amepewa mbili. Nusu. Zilizobaki window ilikuwa inazimaliza kwa kuamka tu, hujafungua hata barua. Nikashusha mpaka nusu giga. Mashine ikawa nyepesi kama swala, na programu ikakataa kufunguka. Nikapandisha mpaka giga moja. Ikafunguka, ukumbi ukatokea, mzuri, una nguzo. Wegesa akauzungusha. Ukafika robo, ukaganda.

"Bibi, rudisha mbili," akasema.

"Ukirudisha mbili unarudi ulikotoka. Sikiliza. Huyu anayechora picha hana RAM yake. Anakula ya mwenzake. Ukimwongezea huyu, umempunguzia yule, na yule ndiye anayebeba programu yako. Wote wawili wanatakiwa wafanye kazi kwa wakati mmoja."

Nilimwona hajanielewa sawasawa. Mtoto ameshasoma vitabu vyote, anajua majina ya kila kitu, ila siku hiyo kichwa kilikuwa kimejaa ndoa. Basi ndipo mzee akainuka kwenye benchi. Akaja mpaka mezani, akaelekeza fimbo kwenye kioo.

"Ngoja, mama fundi. Huyu wa picha ni mke mdogo."

"Unasemaje?"

"Ni mke mdogo niliyemleta bila kumjengea ghala. Akitaka kupika anachota kwenye la mke mkubwa. Nikisema achote debe moja, watoto wake wanalala njaa. Nikisema achote nusu ya ghala, wa mkubwa wanalala njaa. Kila siku nabadilisha kipimo, na kila siku ni kelele."

Nikamwambia, "Umesema mwenyewe, mzee."

"Sasa kipimo sahihi ni kipi?"

"Kipimo sahihi hakipo kama mtama ni mchache."

Akafikiri. Makuru alikuwa ameacha kununa, anamwangalia baba yake.

"Basi shida si wanawake," mzee akasema polepole. "Shida ni shamba."

"Shida ni shamba."

"Basi ongeza shamba, mama. Usiongeze ugomvi."

Vijana, nimefundisha wengi mstari ule wa BIOS. Hakuna aliyewahi kuuelewa vizuri kuliko yule mzee wa Guta asiyejua kuwasha laptop.

Nikageuza mashine, nikatoa skrubu, nikazipanga kwenye sinia. Ndani kulikuwa na nafasi mbili za RAM, moja tupu. Nikashusha lile boksi la RAM nilizotoa kwenye mashine zilizokufa. Kumbukeni, RAM si kila moja inaingia kila mahali. Angalieni pengo lake liko wapi, angalieni na kasi iliyoandikwa juu yake. Nikatafuta inayofanana na ile iliyomo, giga nne kwa giga nne, kasi ileile, kwa sababu zikiwa pacha zinafanya kazi kama ng'ombe wawili kwenye nira moja, na anayefaidi zaidi ni huyo wa picha. Nikaiweka. Nikawasha.

Kioo cheusi. Ikalia tu, mlio, mlio.

Wegesa akakaa chini, kwenye sakafu, palepale. Makuru akasema, "Basi."

"Basi ya nini?" nikamuuliza. "Umesikia nimesema basi?"

Nikazima, nikatoa chaja na betri. Nikaichomoa ile RAM, nikachukua kifutio cha penseli, hiki cha watoto wa shule, nikasugua meno yake ya dhahabu taratibu, upande huu na upande huu, mpaka yakang'aa. RAM iliyokaa kwenye boksi karibu na ziwa inafanya utando usiouona kwa macho. Nikapangusa unga wa kifutio kwa brashi kavu. Nikaitoa na betri ya saa, ile ndogo kama sarafu, nikaiacha nje kidogo ili BIOS isahau yote iliyofundishwa na video. Nikarudisha kila kitu. RAM ikaingia kwa mlio wake, klak, ule mlio wa kuingia kweli.

Nikawasha. Ikawaka.

Giga nane. Nikaingia BIOS, nikampa picha giga moja. Wegesa akasimama nyuma yangu. "Bibi, sasa ni nyingi. Weka mbili."

"Programu yako inadai ngapi?"

"Moja."

"Basi moja. Akihitaji zaidi ataomba kwa window na atapewa kwa muda. Mpe kinachotosha, usimpe cha kujionyesha."

Akafungua ukumbi wake. Akauzungusha. Ukazunguka. Akaingia mlangoni, akatembea ndani mpaka jikoni, akatoka nyuma, akapanda juu ya paa, akarudi, na ile mashine haikukohoa. Akafanya hivyo tena. Nilisikia mzee nyuma yangu anasema kwa lugha ya kwao neno ambalo sikulielewa, na Makuru akamjibu, na wote wawili wakasogea karibu na kioo.

Jumamosi nilifunga meza yangu nikaenda Butiama. Miaka yote ile sikuwahi kufuata mashine kwenda kuona inafanya nini. Nilitaka kuona moja tu kabla sijaacha kazi.

Akina mama walikuwa wamejaa kwenye darasa waliloazima, wameninginiza shuka ukutani, projekta ipo. Yule bwana wa Mwanza alianza. Michoro yake ilikuwa ya karatasi, mizuri, misafi, na alieleza kwa adabu. Wakampigia makofi. Halafu Wegesa. Nikamwona kwanza anakagua pembeni mwa laptop kama tundu la hewa liko wazi, maana mama mmoja alikuwa ameshatandika kitambaa cha kufuma mezani kwa ajili ya heshima. Akakiondoa kwa upole, akakikunja. Moyo wangu ukatulia.

Ukumbi ukatokea kwenye shuka. Akina mama wakanyoosha shingo. Akawaingiza mlangoni, wakaingia, wengine wakainama kidogo kama wanapita chini ya kizingiti. Akawafikisha jikoni. Mwenyekiti wao, mama mmoja mwenye sauti ya kuita ng'ombe, akasema, "Simamisha hapo. Upepo wa huku unatoka upande gani?"

"Upande wa ziwani, mama."

"Basi moshi wa jiko hilo unaingia ukumbini. Mgeni rasmi atakohoa, sisi tutaaibika."

Makuru, aliyekaa nyuma karibu yangu pamoja na baba yake, akashika goti lake. Mzee akashika fimbo.

Wegesa akasema, "Mnataka jiko liende wapi?"

Wakagawanyika, huyu kule, huyu huku, makelele. Yeye akalishika jiko akalihamisha. Palepale, mbele yao. Ukuta ukaondoka, mlango ukageuka, dirisha likaja upande wa pili. Akazungusha nyumba nzima wakaiona kutoka upande wa upepo. Mashine ikabeba yote hayo, picha na hesabu, kila mmoja na chake, hakuna aliyemnyang'anya mwenzake.

Mwenyekiti akauliza, "Na nikisema sijapapenda?"

"Nalihamisha tena, mama."

"Mpaka lini?"

"Mpaka upike bila kukohoa."

Darasa likacheka. Bwana wa Mwanza naye akacheka, akatikisa kichwa, akaanza kukunja karatasi zake polepole. Mzee Mugeta akamwinamia mwanawe, akasema, akidhani ananong'ona, "Ng'ombe wako wale pale ukutani."

Makuru akasema, "Nawaona. Wanatembea vizuri."

"Hawajafa."

"Hawajafa, baba. Wamenenepa."

Mwenyekiti akasikia minong'ono. "Ninyi wanaume huko nyuma, mna neno?"

Mzee akatikisa kichwa. Lakini Makuru akasimama. Wegesa alipomwona amesimama, mkono wake ukaganda juu ya laptop, na mimi nikasema moyoni, kijana, kaa.

"Mimi ni kaka yake," Makuru akasema. "Mama yangu ndiye mke mkubwa. Huyu ni mtoto wa mama mdogo. Nilikuja hapa nikitaka ashindwe, ili aolewe. Sasa nimeona. Mkimpa kazi, mimi nitasubiri kuoa, sina haraka. Mkimnyima, mtajua ninyi mtakavyopika."

Akakaa. Baba yake hakumwangalia, aliangalia shuka, ila alihamisha fimbo kwenda mkono wa pili na ule mkono wa kwanza akauweka begani kwa kijana.

Mwenyekiti akalitaja jina la Wegesa, wakapiga kura kwa kunyoosha mikono. Nilikuwa nimekaa nyuma, niliona migongo na mikono tu, mikono ikapanda safu kwa safu mpaka sikuiona shuka. Na Makuru, ambaye si mwanachama wala si mama wa mtu, alinyoosha wake juu kuliko wote. Hawakuuhesabu, na haukuhitajika.